Mto Uliochorwa kwa Kusikia: Jinsi Labrador Ilivyoingia Kwenye Ramani

Mwaka 1903, ramani bora kuliko zote za Labrador ya ndani ilikuwa na mto ambao mchoraji wake hakuwahi kuusafiri. Uliitwa Northwest. Kwenye karatasi ulitoka Ziwa Michikamau juu nyandani, ukateremka hadi Ziwa Grand, kisha maji yake yakaingia Ziwa Melville, ambalo kwa kweli ni mkono mrefu wa bahari ya Atlantiki uliopenya nchi kavu. Aliyeiamini ramani hiyo alitegemea kwamba akifika mwisho wa Ziwa Grand ataukuta mto mmoja, naye ataufuata.

Pale mwisho wa ziwa mito iko zaidi ya mmoja. Ule unaotoka Michikamau, ambao leo unaitwa Naskaupi, huingia ziwani kilomita chache kabla ya mwisho, na mdomo wake umejificha kiasi kwamba mtu anayepiga kasia akitazama mbele anaweza kuupita asijue. Ndivyo ilivyowatokea wanaume watatu Julai mwaka huo. Mmoja wao alikufa kwa njaa.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha ramani mbaya. Mimi nakiona kuwa mlango mzuri wa kuingilia jambo ambalo wasomaji wengi wa ramani hatulifikirii: mistari iliyochorwa kwenye karatasi moja haina asili moja. Mmoja ulipimwa na mtu aliyekuwepo, wa pili ulionekana kutoka mlimani, wa tatu ulisimuliwa. Historia ya kuipima mito ya mbali kaskazini ni historia ya kuitenganisha mistari ya aina hizo.

Tuanze na nchi yenyewe. Labrador iko kaskazini-mashariki mwa Kanada, ina ukubwa wa karibu nusu ya Kenya, na hata leo wakazi wake hawafiki 30,000. Barafu nene za zama za kale ziliparua uwanda wake wa juu zikaacha maelfu ya maziwa, vinamasi na vilima vya mawe. Mto wa huko mara nyingi ni ziwa linalomwagikia ziwa jingine kupitia maporomoko mafupi, na maji hayana mteremko wa wazi wa kuyaamulia yaende wapi. Kutoka ufukweni mwa ziwa moja unaweza kutembea dakika tano ukafika kwenye ziwa jingine ambalo maji yake yanaishia bahari nyingine kabisa. Katika nchi ya namna hiyo, masimulizi mazuri ya mtu anayeijua njia yanaweza kuwa ya kweli neno kwa neno na bado yakazaa mchoro wa uongo.

Njia zilijulikana. Wainnu, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakiivuka nchi hiyo vizazi na vizazi, wakiwafuata karibuu, kulungu wa nchi za baridi wanaohama kwa makundi makubwa. Lakini njia ya Mwinnu si mto. Ni mlolongo wa maziwa madogo na sehemu za kubeba mitumbwi begani, uliochaguliwa ili kuukwepa mto pale unapokuwa mkali. Ukimuuliza mtu huyo unatokaje Ziwa Grand hadi Michikamau, atakueleza anakopita yeye. Mchora ramani anayesubiri kusikia habari za mto anaweza kuigeuza njia hiyo kuwa mto, au kuugawa mto mmoja ukawa miwili. Kosa la pili ndilo lililotokea. Wanajiografia waliamini kuwa Northwest na Naskaupi ni mito miwili tofauti.

Ramani hiyo iliyotumika mwaka 1903 ilikuwa kazi ya Albert Peter Low wa Idara ya Jiolojia ya Kanada, na haifai kumdharau. Kati ya 1893 na 1895 alilikata eneo hilo kwa mtumbwi na kwa miguu, akayaeleza mawe yenye chuma ambayo baadaye yalizaa migodi mikubwa, na ripoti yake ya 1896 ilibaki kuwa rejea kwa miongo mingi. Michikamau alifika, ila kwa kupitia upande wa Mto Hamilton, unaoitwa Churchill siku hizi. Kutoka ziwani kushuka hadi Ziwa Grand hakupita. Kipande hicho alikijaza kwa aliyoyasikia.

Na hata pale alipopita, kupima kulikuwaje? Mpima wa mtoni alikaa mtumbwini akiwa na dira, akasoma mto unaelekea upande gani hadi kona inayofuata, akakadiria umbali kwa macho au kwa muda wa kupiga kasia, akaandika daftarini. Kona ya pili, vivyo hivyo. Kila kadirio lina kosa dogo, na makosa hujumlishana. Dira nayo ina matatizo yake huko: ncha ya sumaku ya dunia haiko mahali pamoja na ncha ya kaskazini ya kweli, na enzi hizo sindano ilielekea zaidi ya digrii 30 magharibi mwa kaskazini. Ongeza mawe yenye chuma, ambayo huivuta sindano yanavyotaka.

Ili makosa yasilimbikizane mpaka mwisho, mpima alihitaji jua. Saa sita mchana alipima kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe, urefu wa jua juu ya upeo wa macho. Msituni hakuna upeo wa bahari, basi alimimina zebaki kwenye kisahani, akapima pembe kati ya jua na kivuli chake ndani ya zebaki, akaigawa kwa mbili. Kwa majedwali ya tarehe hiyo akaipata latitudo. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, kwa hiyo mtu makini aliweza kujua yuko umbali gani kutoka ikweta kwa kukosea kilomita chache tu, ikiwa mawingu yatampa nafasi na mbu watamwachia mikono.

Longitudo ilikuwa shughuli nyingine. Ilidai saa inayotunza kwa uaminifu muda wa mahali panapojulikana, mfano Greenwich. Dunia huzunguka robo ya digrii kila dakika moja. Katika latitudo ya 54, ilipo Michikamau, robo ya digrii ni kilomita 16 hivi. Saa iliyopotea dakika moja tu, baada ya kugongwagongwa mtumbwini na kubebwa juu ya mawe kwa wiki kadhaa, ilitosha kulihamisha ziwa zima kilomita 16 mashariki au magharibi bila mtu kujua. Ndiyo maana ramani za safari za mitumbwi huwa imara kutoka kaskazini hadi kusini na legevu kutoka mashariki hadi magharibi. Ukizijua tabia hizo unaweza kuisoma ramani ya zamani kama unavyomsikiliza shahidi: hapa mwamini, hapa mchunguze.

Leonidas Hubbard hakuisoma hivyo. Alikuwa mwandishi wa jarida la safari huko New York, kijana mwenye hamu ya jina. Tarehe 15 Julai 1903 aliondoka kituo cha biashara cha North West River na wenzake wawili: Dillon Wallace, mwanasheria, na George Elson, mtu wa James Bay, Kanada, mwenye asili ya Kikri (wenyeji wa asili wa huko) na Kiskoti. Walikuwa na mtumbwi mmoja na chakula cha kuanzia. Kingine wangekipata kwa bunduki na ndoano. Wakaupita mdomo wa Naskaupi, wakaingia kwenye kijito cha Susan kilichoko mwisho wa ziwa, wakidhani ndicho mto wa ramani. Kijito kikawa chembamba, kikawa mawe matupu. Waliendelea kuburuta na kubeba hadi Septemba, ndipo wakaiona Michikamau kwa mbali kutoka juu ya kilima. Chakula kilikuwa kimekwisha na baridi imeanza. Wakageuza. Katikati ya Oktoba Hubbard alikata roho peke yake hemani, katika bonde lile lile la Susan. Elson alijikokota hadi kwa wategaji wa wanyama wa manyoya, nao wakaenda wakamwokoa Wallace.

Lawama zote zikapelekwa kwa ramani. Ukweli ni kwamba walichelewa kuondoka, walikuwa na chakula kidogo, na walikwenda bila mwenyeji yeyote wa bonde hilo. Miongoni mwa wategaji waliomwokoa Wallace alikuwemo kijana Gilbert Blake. Watu wa aina yake waliujua Naskaupi hadi Ziwa Seal, huko juu kabisa, maana walikuwa na mitego yao huko. Swali ambalo Hubbard aliliuliza karatasi lilikuwa na jibu kwa watu waliokuwa wakiishi kando ya ziwa.

Aliyelielewa hilo ni mjane wake. Mina Benson Hubbard alizaliwa mashambani Ontario mwaka 1870, akasomea unesi, na hakuwa na historia yoyote ya kupima ardhi. Juni 1905 alirudi Labrador kuikamilisha safari ya mumewe, tena akishindana na Wallace, ambaye naye alirudi na kundi lake baada ya wawili hao kukosana. Makundi yote mawili yaliondoka North West River siku zile zile. Mina alimchukua Elson aongoze, pamoja na Job Chapies, Joseph Iserhoff, na huyo huyo Gilbert Blake. Hapo ndipo tofauti ya safari hizi mbili ilipoanzia.

Wallace aliamua kufuata njia ya kale ya Wainnu, ile inayoukwepa mto. Wazo lilikuwa zuri, ila njia ya namna hiyo huonekana na aliyekulia juu yake; kundi lake liliipoteza mara kwa mara, likafika mwisho wa safari Oktoba likiwa limepungua. Kundi la Mina liliukamata mto wenyewe. Yeye alikuwa na sekstanti, upeo wa bandia (kazi yake ni ile ya kisahani cha zebaki), dira na kamera, akapima jua kila lilipojitokeza. Mwezi Agosti walifika kwenye kilele cha maji, mahali mito inapogawana njia. Huko aligundua kuwa kati ya ziwa la mwisho la Naskaupi na ziwa la kwanza la Mto George kuna yadi 300 tu, yaani kama mita 270. Upande mmoja maji yanateremkia Atlantiki. Upande wa pili yanakwenda kaskazini hadi Ghuba ya Ungava. Wakaibeba mitumbwi yao wakavuka.

Huko Mto George walikutana na Wainnu wa kaskazini, wakawauliza kituo cha Ungava kiko mbali kiasi gani. Wakajibiwa kwa kuhesabu malazi: mkienda mbio, mtalala mara tano. Jibu hilo halina maili wala digrii, na ni msaada kuliko zote mbili kwa mtu anayetaka kujua kama unga wake utatosha. Tarehe 27 Agosti 1905, miezi miwili kamili baada ya kuondoka, walifika.

Ramani yake ilichapishwa mwaka 1906 katika jarida la American Geographical Society. Iliufuta ule mgawanyo wa mito miwili: Northwest na Naskaupi ni mto mmoja, unaotoka Michikamau na kupita Ziwa Seal. Wachambuzi wengine wamependa kusema kwamba kazi hiyo ni ya Elson na wenzake, wengine kwamba ni ya Mina peke yake. Ubishi huo hauna maana kubwa. Vipimo vya jua ni vyake. Maarifa ya kufika mahali pa kupimia ni ya wale wanaume wanne. Ukiondoa upande mmoja, ramani haipo.

Hizo yadi 300 zilikuja kuwa na uzito ambao hakuna aliyeutegemea. Kanada, kwa niaba ya jimbo lake la Quebec, ilikuwa ikizozana na Newfoundland, ambayo wakati huo haikuwa sehemu ya Kanada, juu ya nani anamiliki Labrador ya ndani. Newfoundland ilikuwa na haki juu ya “pwani”. Pwani inaishia wapi? Mwaka 1927 Privy Council jijini London, mahakama ya juu kabisa ya himaya ya Uingereza, iliamua kwamba pwani inafika hadi pale maji yanapogawana njia: kila tone linaloelekea Atlantiki liko Labrador. Mpaka wa mamia ya kilomita ukawekwa juu ya mstari wa kimaumbile ambao sehemu kubwa yake haikuwahi kupimwa na mtu yeyote. Mahakama ilijua mpaka ni nini bila kujua uko wapi. Katika nchi tambarare yenye maziwa yanayokaribiana hivyo, si jambo dogo.

Kujua uko wapi kulihitaji ndege. Mwaka 1931 Alexander Forbes, mwanafiziolojia wa Harvard aliyekuwa pia rubani, alipiga picha milima ya Torngat kwenye ncha ya kaskazini ya Labrador, na O. M. Miller wa American Geographical Society akabuni namna ya kuzigeuza picha zilizopigwa kwa mshazari kuwa ramani yenye vipimo. Kisha vikaja vita. Mwaka 1941 uwanja mkubwa wa ndege wa Goose Bay ulijengwa karibu na kile kile kituo cha North West River, na nchi iliyovukwa na Mina kwa miezi miwili ikawa kitu kinachopitwa chini ya bawa kwa saa chache. Marubani walihitaji ramani haraka. Zikatumika kamera tatu kwa pamoja, moja ikitazama chini na mbili pembeni, zikaunganisha picha kutoka upeo hadi upeo.

Picha peke yake bado si ramani. Inaonyesha umbo, haionyeshi mahali. Lazima baadhi ya vitu vilivyomo, kilele hiki, rasi ile, vijulikane viko wapi hasa duniani, na kwa Kanada ya kaskazini pengo hilo lilizibwa kati ya 1949 na 1957 kwa mbinu iliyoitwa Shoran: ndege ilituma mawimbi ya redio kwa vituo viwili vya ardhini, na muda wa mawimbi kwenda na kurudi ukatoa umbali. Umbali wa mamia ya kilomita ukapimwa bila mtu kukata mti hata mmoja. Ile longitudo iliyowatesa watu wa mitumbwi ikatulia.

Baada ya hapo kazi ilihamia ofisini. Picha mbili zinazopandiana zikitazamwa pamoja kwa chombo cha stereoskopu, moja kwa kila jicho, ardhi huinuka. Fundi huisogeza nukta ya mwanga juu ya mteremko huo bila kuipandisha wala kuishusha, na njia inayopitia ndiyo mstari wa kontua, unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Msomaji aliyefanya jiografia sekondari Kenya au Tanzania amezihangaikia kontua hizo kwenye karatasi za 1:50,000, zilizotokana na mbinu ya aina ile ile. Kanada ilimaliza kwanza karatasi za 1:250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zile za 1:50,000, zaidi ya 13,000, zikakamilika nchi nzima mwaka 2012.

Hapa watu wengi hudhani hadithi ya makosa imekwisha. Imebadilika tu. Kontua zikiachana mita 10, poromoko la mita nane linaweza kukaa katikati ya mistari miwili bila kugusa hata mmoja. Kwenye 1:250,000 maporomoko ya nusu kilomita yanakuwa milimita mbili. Na pale penye msitu mzito fundi haoni udongo, anaona vichwa vya miti, akakadiria urefu wake na kutoa. Kosa la Low lilikuwa la kilomita na lilitokana na kutofika. Kosa la karatasi ya kisasa ni la mita, na limejificha zaidi kwa sababu mchoro umekaa safi mno. Ndiyo maana wapiga kasia wanaoshuka mito ya huko bado hupeana maelezo ya mdomo: shika kulia, teremka kabla ya kona.

Kisha kuna kosa ambalo hakuna mpima wa kulilaumu. Mwaka 1967 ulianza ujenzi wa mradi wa umeme wa Churchill Falls, na kuanzia 1971 uwanda ulianza kujazwa maji kwa makusudi. Matuta 88 yaliziba mianya ya asili, maziwa mengi yakameza mengine, Michikamau ikiwemo, likatokea bwawa la zaidi ya kilomita za mraba 6,500 lililopewa jina la waziri mkuu wa jimbo la Newfoundland, Smallwood. Wainnu walipoteza maeneo ya kuwinda na makaburi bila kuulizwa. Makubaliano ya kuwafidia yalitiwa saini mwaka 2011.

Kwa mwenye ramani, matokeo ni ya ajabu. Tuta zilijengwa pia pale maji yalipokuwa yakitoka kuelekea Naskaupi, yakageuzwa yaende kwenye mitambo ya Mto Churchill. Mto ambao Mina aliuthibitisha kuwa unatoka Michikamau sasa hautoki Michikamau. Kwenye karatasi mstari wa samawati bado upo, unapita Ziwa Seal na kuingia Ziwa Grand kilomita chache kabla ya mwisho wake kama zamani, lakini sehemu kubwa ya maji yake ya juu imeondoka. Ramani ya mandhari huonyesha mto unapita wapi. Kiasi cha maji haikionyeshi.

Mpaka nao una hali yake. Newfoundland ilijiunga na Kanada mwaka 1949, na uamuzi wa 1927 ndio uliofuatwa. Ila ukiinunua ramani rasmi ya serikali ya Quebec, mstari huo unaopita pale kwenye kilele cha maji kati ya Naskaupi na George umeandikiwa kando yake kwamba ni njia ya mpaka ya Privy Council ya 1927, na kwamba si ya mwisho.